Shauri la Sikio

Mwalimu alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, na siku aliyostaafu hakuna aliyelia. Alikuwa mwalimu wa kuogopwa. Akiingia darasani kelele zilikatika ghafla, hata nzi ungemsikia, na mwenyewe alilijua hilo na lilimpendeza. Mume wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto hawakujaliwa. Ndugu aliyebaki naye ni mdogo wake wa kiume, fundi wa mafriji, aliyekaa nyumba ya pili na mke wake, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Mwalimu alimwita wifi, naye akamwita wifi, na hapo ndipo mapenzi yao yalipoishia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Fundi alikamatwa jana yake kwa sababu ya friji aliyoletewa kutengeneza, ambayo ilikuja kugundulika kuwa ni ya wizi. Mwalimu akafunga chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, akavaa gauni lake la kijivu alilokuwa akivaa kazini, akaenda kituoni.

Kaunta ya kituo ilikuwa ya mbao, imechubuka pale watu wanapoegemeza viwiko. Pembeni palikuwa na benchi walilokaa polisi wawili wakichezea simu, na kando yake mlango wa nondo wa mahabusu, ambao mtu akisimama kaunta anaona vidole vya waliomo ndani. Nyuma ya kaunta alikaa koplo mmoja mpana wa mabega, kichwa kakiinamisha upande kidogo kama kuku anayetazama punje. Mwalimu akamtambua palepale. Sura ilinenepa, lakini shingo ilikuwa ileile.

"Nimemletea mdogo wangu chakula," akasema. "Na nataka nione jina lake limeandikwa kwenye kitabu."

Koplo hakuinua macho. Mwalimu akarudia kwa sauti ya darasani.

"Mama, chakula weka hapo," Koplo akasema. "Kitabu si gazeti."

"Mtu akilala mahabusu bila kuandikwa, huyo kwenu hayupo. Kesho akipatikana mtaroni mtasema hamkumwona. Fungua kitabu."

"Mama, usinifundishe kazi yangu."

Hapo angenyamaza. Mdogo wake, aliyekuwa ameshika nondo kule ndani, alimtikisia kichwa: dada, acha. Lakini Mwalimu hakuwa amewahi kuachia mwanafunzi neno la mwisho.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika jina lako, Gogo," akasema. "Miaka miwili darasa moja. Fungua hicho kitabu nione kama umeshajua."

Wale wawili wa kwenye benchi wakaangua kicheko. "Gogo!" mmoja akasema, akijipiga paja. "Afande, kumbe una jina la shuleni!"

Koplo aliweka kalamu chini. Akazunguka kaunta bila haraka, akasimama mbele ya Mwalimu, akamtazama kama fundi anayepima mlango kabla ya kukata mbao. Kisha akamzaba kofi la mkono wa kulia, kiganja chote, likatua kwenye sikio la kushoto.

Mwalimu hakuanguka. Aliishika kaunta. Bakuli ndilo lililoanguka, chakula kikatapakaa hadi kwenye viatu vya wale polisi, wakaacha kucheka wakaanza kujifuta. Ndani ya kichwa alisikia kitu kikichanika, sauti ndogo tu kama ya karatasi, halafu mlio mwembamba usiokwisha. Nyuma ya nondo fundi alipiga kelele, "Dada! Dada yangu!" lakini kwake sauti ile ilitoka mbali, kama mtu anayeita akiwa ndani ya pipa.

"Haya," Koplo akasema. "Nimeshaandika."

Hospitalini walikataa kumgusa. Mtu aliyeumizwa na mtu hatibiwi bila fomu ya polisi, na fomu ya polisi inatolewa kaunta ya polisi. Mwalimu akarudi kituoni huku leso imelowa damu sikioni, akapanga mstari, na zamu yake ilipofika aliyeishika fomu alikuwa Koplo mwenyewe. Akaijaza taratibu, ulimi nje kidogo, kama mtoto anayeandika insha. Kwenye mstari wa chanzo cha majeraha aliandika: *Ameanguka ngazini.*

"Kituo hiki kina ngazi wapi?" Mwalimu akauliza.

"Unataka fomu hutaki?"

Akaichukua. Daktari alimmulika, akasema ngoma ya sikio imepasuka vibaya, na baada ya wiki sita na usaha usioisha akasema upande huo asitegemee tena kitu.

Watu wengine wangeishia hapo. Mwalimu alilivalia njuga. Ofisi ya malalamiko dhidi ya polisi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la polisi wenyewe. Alipokelewa na inspekta mpole, mwenye sweta, aliyemvutia kiti na kumwita mama yangu. Inspekta aliandika maelezo, kisha akampa asaini. Mwalimu akayasoma. Yalisema *nilisukumwa kidogo wakati afisa akijaribu kunituliza.* Akaomba kalamu, akakata mstari mzima, akaandika upya juu yake, na alipokuwa hapo hapo akasahihisha nukta mbili na herufi kubwa moja.

Inspekta akacheka. "Mama yangu, umenipa ngapi?"

"Nne kwa kumi."

Ikawa nenda rudi. Mara inspekta yuko semina, mara jalada limepanda kwa wakubwa, mara jalada limeshuka lakini mwenye ufunguo wa kabati hayupo. Mwezi wa tano ikaja barua ya mistari miwili. Malalamiko yake yamechunguzwa kwa kina na kuonekana hayana msingi. Anashauriwa kuwaheshimu maofisa wanapotekeleza majukumu yao.

"Ulimshtaki Koplo kwa kaka zake," wakili akamwambia. Huyu wakili alikuwa binti mwembamba, ofisi yake juu ya duka la viatu, sauti yake kubwa kuliko mwili. "Kule hamna kitu. Tufungue shauri la madai mahakamani, tumshtaki yeye na serikali iliyomwajiri. Shahidi unaye?"

"Mdogo wangu aliona kila kitu."

"Yuko tayari?"

"Ni damu yangu," Mwalimu akajibu, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Fundi alikuwa ametoka kwa dhamana, kesi ya friji ikimning'inia. Jioni moja Mwalimu alikwenda kwake kuzungumza habari ya ushahidi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya friji iliyofunguliwa mgongo, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilishakazwa. Aliyejibu ni mke wake.

"Wifi, mimi nitasema na usinune. Masikio unayo mawili. Mdogo wako unaye mmoja."

"Sijamwomba aseme uongo. Nimemwomba aseme alichokiona."

"Alichokiona ndicho kitakachomfunga. Kofi lenyewe ulilitafuta. Mtu yuko na sare yake, mbele ya wenzake, wewe unamwita Gogo! Ulidhani uko ubaoni?"

"Nitasema, dada," fundi akasema akiwa bado ameipa mgongo sebule. "Nitasema. Wewe nenda kapumzike."

Mtaani nako maneno hayakukosekana. Wapo waliomwambia ni mtoto wako huyo, umemlea mwenyewe, msamehe. Wapo waliotumwa na Koplo kuuliza kama kuna njia ya kuyamaliza kirafiki. Mwalimu aliwajibu wote kwa jibu moja: anataka ukweli usomwe kwa sauti, mbele ya watu, na uandikwe. Alilisema mara nyingi hata wakili akawa anamtania kwamba akifa ataandikiwa hilo kaburini.

Shauri lilipigwa kalenda mara tano. Hatimaye likasikilizwa, katika chumba chenye feni iliyozunguka kwa kujikongoja na mabenchi marefu yaliyong'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Mwalimu alitoa ushahidi wake wima, sentensi kamili kamili. Wakili wake akamfungulia hakimu fomu ya polisi, akamwomba ajionee mwenyewe picha za kituo: nyumba ya chini, sakafu moja, ngazi hakuna. Hakimu akaandika. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akaitwa fundi.

Kulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Wiki moja kabla, jalada la kesi ya friji lilipotea, na fundi akaambiwa aende nyumbani, hana kesi.

"Siku hiyo ulikuwa wapi?" wakili akamuuliza.

"Mahabusu."

"Uliona nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Mwalimu akageuza sikio la kulia, akainama mbele, hakuambulia neno.

"Shahidi, ongeza sauti," hakimu akasema. "Mdai hasikii."

Ikabidi aseme tena, safari hii kwa sauti ya kumfikia dada yake. "Sikuona kitu. Nilikuwa nimeelekea ukutani."

"Hukupiga kelele, 'Dada yangu'?"

"Hapana."

"Hukusikia kofi?"

"Nilisikia bakuli likianguka. Dada ana kizunguzungu tangu zamani."

Wifi yake alikuwa amekaa benchi la nyuma, mkoba mapajani, uso mkavu. Mwalimu hakugeuka. Aliikunja leso yake mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.

Wakili wa serikali alisubiri vumbi litulie ndipo akainuka. Alikuwa bwana nadhifu, mpole kupita kiasi. Aliomba Mwalimu arudi kizimbani kwa maswali machache, akatoa kwenye bahasha daftari moja kubwa, jalada gumu la bluu, pembe zimeliwa na mende.

"Unalifahamu hili?"

Mwalimu alilifahamu. Lilikuwa daftari la adhabu la darasa la nne. Sheria ya shule ilitaka kila adhabu iandikwe, na walimu wenzake waliandika wakikumbuka. Yeye aliandika zote. Koplo alikwenda kulichimbua stoo ya shule mwenyewe, akipekua lundo la madawati mabovu siku mbili.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Mwandiko mzuri sana. Tusomee. Nimeweka alama pale anapotajwa mdaiwa."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma kama alivyokuwa akisoma siku zote, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma.

"Jumatatu. Viboko viwili. Kuongea darasani. Alhamisi. Viboko viwili. Kuongea na kuchekesha wenzake. Jumanne. Viboko vitatu. Kuongea." Akafunua ukurasa. "Ijumaa. Kofi moja. Kuongea baada ya kuonywa mara tatu. Sikio la kushoto limetoka damu kidogo. Mama yake ameelezwa."

Mabenchi yakanong'ona. Hakimu akagonga meza.

"Endelea, Mwalimu."

"Jumatano. Viboko vinne. Hajibu akiitwa. Alhamisi. Viboko vinne. Hajibu akiitwa. Jumatatu. Viboko sita. Imla, sifuri. Jumanne. Viboko sita. Imla, sifuri, na anajifanya hasikii." Akasogeza miwani, akaendelea. "Jumatano. Viboko sita. Anajifanya hasikii. Ijumaa. Viboko sita. Anajifanya hasikii. Amekaa kama gogo."

"Inatosha," wakili wa serikali akasema. Alitabasamu kwa huzuni ya kupimwa. "Mheshimiwa, huyu ndiye mama anayelia hapa kwamba amepigwa. Mwalimu, kuna mtu yeyote aliyewahi kukushtaki wewe?"

"Hapana."

"Asante."

Akaketi ameridhika. Hakuona alichokisomesha. Lakini wakili wa Mwalimu alikuwa ameacha kuandika, kalamu imesimama hewani.

Mahakama ikaenda mapumziko ya mchana. Wakili alimshika Mwalimu mkono, akamkalisha kwenye benchi la ukumbini karibu na dirisha, akakaa upande wake wa kulia.

"Mwalimu, kabla ya Ijumaa ile mtoto anapigwa kwa kuongea mno. Baada ya Ijumaa ile anapigwa kwa kutojibu. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umeliona leo?"

Kule nje karani wa mahakama alikuwa akila embe huku ameinama asichafue shati.

"Leo nimelisoma," akasema. "Kuliona, nililiona mwezi uleule. Alikuwa akigeuza kichwa. Hivi." Akainamisha shingo. "Mama yake alikuja mara ya pili, akaniambia mwanangu akiitwa upande huu hageuki. Nikamwambia mwanao ni mkaidi, ukimlegezea utajuta. Nikamhamishia dawati la nyuma."

Binti yule alimtazama mteja wake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Lakini alikuwa wakili, na shahidi wao pekee ameshawageuka.

"Nitakwambia ilivyo," akasema. "Koplo atapanda kizimbani akane kila kitu. Neno lako dhidi ya neno lake, tutashindwa. Lakini nikionyesha kwamba sikio lake la kushoto limekufa, na kwamba wewe ndiye uliyeliua, basi anayo sababu ya kukupiga, na anayo sababu ya kuchagua upande. Tunashinda. Ila kuna mawili. La kwanza, jina lako halitasafishika tena. La pili, polisi asiyesikia sikio moja hafai kazini. Aliingiaje, sijui, labda alimdanganya daktari wa usaili. Likijulikana, amemwaga unga. Ana mke na watoto watatu." Akasubiri. "Nimwulize, nisimwulize?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwulize."

Mchana ule Koplo alipanda kizimbani na sare iliyopigwa pasi ikasimama. Alijibu maswali ya wakili wa serikali vizuri, macho yakiwa kwenye midomo yake. Mama alifika kituoni akifoka, akapata kizunguzungu, akaanguka. Ngazi? Alikusudia kuandika sakafuni, kalamu iliteleza.

Kisha wakili binti akainuka. Hakwenda mbele ya kizimba. Alisogea ubavuni, upande wa kushoto wa Koplo, nyuma kidogo ya bega lake, akainua jalada likaziba mdomo.

"Koplo, una watoto wangapi?" akasema kwa sauti ya kawaida.

Koplo alimtazama hakimu, akisubiri swali.

"Koplo, mkeo anaitwa nani?"

Macho yake hayakutoka kwa hakimu. Mtu mmoja kwenye mabenchi akacheka puani.

"Koplo, mahakama inaungua moto, tukimbie."

Hapo chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Koplo aliwaona watu wanacheka, akadhani kuna mzaha umempita, naye akatabasamu ili asionekane mgeni. Tabasamu lile ndilo lililowamaliza watu. Hata karani wa hakimu aliziba uso kwa daftari. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amewahi kuliona tabasamu hilohilo, kwenye dawati la nyuma, darasa zima likiitikia Gogo, Gogo, na yeye, mwalimu, akiwaachia waitikie mpaka wachoke.

Wakili akashusha jalada, akazunguka mbele.

"Sikio lako la kushoto linasikia, Koplo?"

Tabasamu likaanza kufa taratibu. Wakili wa serikali alikwisha kuinuka akipinga swali, lakini hakimu alimwashiria aketi.

"Halisikii," Koplo akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

"Nani alilipiga?"

Koplo hakunyoosha kidole. Alimtazama tu, na watu wote wakafuata macho yake.

"Na siku ile kituoni, wewe ulimpiga sikio lipi?"

Angekana. Wakili wa serikali alikuwa akimtikisia kichwa mpaka tai ikahama. Lakini Koplo alikuwa amebeba jambo hili tangu ana miaka kumi, na leo kwa mara ya kwanza watu waliovaa majoho walikuwa wakimuuliza.

"Lilelile," akasema. "Nililichagua. Nilitaka ajue linavyokuwa."

Wakili binti akasema hana swali lingine, akarudi kuketi.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Hakimu alisema kofi lilipigwa, lilikusudiwa, na fomu ilijazwa uongo. Mwalimu ameshinda shauri, serikali imlipe fidia na gharama. Kuhusu daftari, alisema historia ya mdai inasikitisha, ila si jambo lililo mbele ya mahakama hii. Kwa kofi, Koplo alipewa na wakubwa wake onyo la maandishi. Kwa sikio, aliitwa mbele ya madaktari wa jeshi la polisi, wakampigia kengele nyuma ya kichwa, na mwezi haukuisha akavuliwa sare kwa kutofaa kiafya na kwa kusema uongo siku ya usaili. Akafungua kibanda cha kuuza vioo vya kubandika kwenye simu na vocha, sehemu ambayo wateja wanasimama upande wa kushoto wanaongea wanachoka wanaondoka.

Mwalimu alirudi nyumbani na nakala ya hukumu yenye muhuri, akaihifadhi kabatini. Kulikuwa na watu wa kumpongeza, lakini hawakukaa. Muuza mboga wa kona, mama mtu mzima ambaye naye alipita darasa la nne, alimfungia mchicha wake, akamkabidhi, akasema kwa tabasamu zuri kabisa: "Na mimi nimo kwenye daftari, Mwalimu? Ukurasa wa ngapi?" Tangu siku hiyo Mwalimu alinunua mboga mbali. Fundi alihama na mke wake, wakapanga upande mwingine wa mji. Wifi yake alipita kuaga akiwa amesimama mlangoni. "Hongera," akasema. "Umepata ulichokitaka, wifi. Mahakama nzima ilikusikia." Fundi alikuwa akipakia mafriji garini, hakuja.

Mwaka ulipogeuka, mtu wa mahakama alimletea bahasha. Koplo alikuwa amefungua shauri la madai dhidi yake. Hakuwa na wakili. Hati ya madai ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, kurasa tatu, herufi zimelala huku na huku, r na l zimebadilishana, sentensi bila nukta. Alidai sikio. Alidai kazi iliyopotea. Alidai na kitu kimoja ambacho hakukipatia jina la kisheria, akaandika tu: *mimi nirikuwa naongea vizuri mbere ya hapo.*

Mwalimu aliisoma mezani, kalamu mkononi. Alipofika ukurasa wa pili akagundua kwamba ameshapiga mstari chini ya makosa saba.

Akampelekea wakili. Binti alisoma, akaweka karatasi chini.

"Hili halina miguu," akasema. "Muda wa kufungua madai umepita miaka mingi sana. Tunaweka pingamizi la muda, hakimu analifuta siku ya kwanza, hata hawafiki kwenye kama ni kweli au si kweli." Akasita. "Ila pingamizi ni lako. Mwenye haki ya kuliweka anaweza kutoliweka. Ukitaka kusimama ujibu, unasimama."

"Nikisimama?"

"Utaulizwa, utasema ndiyo. Maana ni ndiyo. Kisha watapanga cha kumlipa, pengine kile ulicholipwa wewe. Na yeye atakuwa amesikia ukisema." Aligundua alichokisema, akainama. "Samahani. Atakuwa amekuona ukisema."

"Nimeshasoma mara moja mbele ya watu."

"Ulisoma kwa kulazimishwa, Mwalimu. Nadhani yeye anataka useme kwa hiari."

Chini kwenye duka la viatu mtu alikuwa akijaribisha visigino, ko, ko, ko. Mwalimu alivuta hati ya pingamizi, akaisaini kwa mwandiko wake ule, nukta mahali pake.

Siku ya shauri, Koplo alikuja na shati jeupe na bahasha ya kaki. Alikaa benchi moja na Mwalimu kwa sababu mengine yalijaa, upande wa kulia wa Mwalimu, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Hakimu alikuwa mwingine, mwenye mafua na haraka. Akasoma kwa sauti ya puani, akiongea na karatasi: shauri limefunguliwa nje ya muda, pingamizi limekubaliwa, shauri limefutwa, linalofuata. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Koplo alikuwa bado amefungua bahasha yake, anapanga kurasa. Akaona watu wengine wanaitwa mbele.

"Amesemaje?" akamuuliza karani, lakini karani ameshapita.

"Limefutwa," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani.

Akamgeukia, akimsoma midomo. "Kwa nini?"

"Muda umepita."

"Hawakuuliza kama ulinipiga?"

"Hawakuuliza."

Koplo alirudisha kurasa zake kwenye bahasha, ukurasa wa tatu mbele ya wa kwanza. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi pembeni, na alikaa amebana magoti kama watu wanavyokaa kwenye dawati dogo.

"Na wangekuuliza," akasema, "ungesema?"

Alisema upande wa sikio zima, wala hakunong'ona. Mwalimu alisikia kila silabi.

Akachukua mkoba wake, akainuka, akampita bila kumtazama. Dirisha la karani lilikuwa limefunguliwa, watu wamepanga mstari wa kuomba nakala za maamuzi. Akajiunga nyuma ya mstari na kusubiri zamu yake.